Nani anakukagua? Mwongozo kwa mtumishi anayetaka kukua

Mhazini hukaguliwa hesabu zake kila mwaka. Kwaya hukaguliwa na mwalimu wake kila Jumamosi jioni, sauti kwa sauti, na anayechomoza peke yake anaambiwa palepale mbele ya wenzake. Watoto wa kipaimara huulizwa maswali kanisa zima likisikiliza. Ukitafuta usharikani mtu ambaye haulizwi chochote na yeyote, mara nyingi utamkuta ni yule aliyeshika kipaza sauti.

Mimi ni mwinjilisti wa mtaa, upande wa mlima Meru, huko kwenye migomba na kahawa. Nina zaidi ya miaka 20 katika kazi hii. Miaka 8 ya kwanza swali pekee nililoulizwa na watu lilikuwa, "Mwinjilisti, leo tunatoka saa ngapi?" Sikuiba, sikuhubiri uongo, sikukimbia na mke wa mtu. Ila pia sikukua. Mahubiri yangu ya mwaka wa 8 yalikuwa yaleyale ya mwaka wa 2, nimebadilisha mifano tu.

Haya ninayoandika ni ya mwinjilisti, mchungaji, katekista, mzee wa kanisa, kiongozi wa vijana, mama anayeongoza jumuiya. Nimeyapanga kwa hatua, na ya kwanza ndiyo inayobeba nyingine zote. Kama mwaka huu una nafasi ya kufanya moja tu, fanya hiyo, hizo nyingine zitakufuata zenyewe.

Hatua ya 1: Tafuta mtu wa kukukagua

Wenzangu wengi husema "mlezi wa kiroho". Ni neno zuri, lakini nimeona linavyochakaa: mlezi anageuka kuwa mtu wa kupigiwa simu sikukuu na kuombwa maombi ukiwa na safari. Mimi wangu namwita mkaguzi, kwa sababu mkaguzi anakuja na maswali.

Asiwe mkeo au mumeo. Huyo anakujua kuliko wote, lakini majibu yako yanamwangukia yeye pia, na si haki kumpa kazi ya hakimu akiwa ndiye mwathirika. Asiwe mtu unayemwongoza, maana atakuonea haya. Asiwe anayeandika barua yako ya uhamisho, maana huyo utamwambia yale tu yanayofaa kuingia kwenye faili. Awe wa jinsia yako. Awe amekutangulia kidogo, kwa umri au kwa mambo aliyopitia. Zaidi ya yote awe na uwezo wa kukuambia umekosea bila kupandisha sauti. Watu wa namna hiyo ni wachache, lakini kuna njia ya kuwatambua: kumbuka ni nani mara ya mwisho alikupinga kikaoni, hoja kwa hoja, kisha mkatoka nje mkanywa chai pamoja. Anza na huyo.

Wangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, wa usharika mwingine. Nilimfuata nyumbani nikamkuta kibarazani anapukuchua mahindi. Nikaanza kumweleza habari za Nathani na Daudi, kwamba hata mfalme alihitaji mtu wa kumwambia "wewe ndiwe mtu huyo". Akasema, "Ngoja nimalize debe hili." Mimi nikaendelea kueleza. Debe lilipojaa akapangusa mikono, akasema, "Haya Mwinjilisti, sasa sema shida yako kwa sentensi moja." Nikamwambia nataka aniulize maswali mara moja kwa mwezi na mimi nisimdanganye. Akajibu, "La kwanza naliweza mimi. La pili ni lako."

Tulianza na maswali manne, na mpaka leo ni yaleyale:

Fedha gani ya kanisa imepita mkononi mwako mwezi huu, na nani mwingine aliihesabu?

Umekaa faragha na nani, wapi, saa ngapi?

Umesoma nini ambacho hukukisoma kwa ajili ya kuhubiri?

Umemwumiza nani, na bado hujaenda kumwomba radhi?

La tano aliliongeza yeye baada ya miezi mitatu, alipoona nimeanza kujibu kwa ustadi: "Mama watoto angekuwa amekaa hapa, angeongeza nini?" Hilo ndilo linalonitoa jasho.

Sasa taratibu. Kutaneni siku moja isiyobadilika. Sisi ni Alhamisi ya kwanza ya mwezi, saa 10 jioni. Iwe uso kwa uso. Kwenye simu mtu hudanganya kwa urahisi, na mtandao ukikatika unashukuru Mungu. Chai ije mwisho, kwa sababu ikitangulia inalainisha mambo. Mkaguzi aandike tarehe tu, asiandike majibu. Madaftari huibiwa na watoto hujua kusoma. Jambo moja mkubaliane kabla hamjaanza: siri ina mpaka. Nikimwambia kwamba mtoto ameumizwa, na mimi au na mtu mwingine, hiyo haitakuwa siri tena, na ataipeleka panapohusika bila kuniomba ruhusa. Tulipeana mkono juu ya hilo siku ya kwanza.

Wapo watakaosema huu ni utaratibu wa kigeni. Sio kabisa. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana Namirembe mjini Kampala na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Gahini, Rwanda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja, na watu wengi wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ile harakati ya toba na kuungama makanisani, huhesabu kukutana kule kama moja ya chemchemi zake. Katika miaka iliyofuata moto huo ulienea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na huku kwetu Tanganyika. Ndugu wa Uamsho waliliita jambo hili "kutembea nuruni": unamwambia ndugu yako dhambi yako kwa jina lake, naye anakuambia yake. Fikiria enzi zile za ukoloni, mwenyeji na mzungu wameketi benchi moja wakiungamiana. Mimi naliona hilo kuwa jambo kubwa kuliko mikutano yote ya uwanjani.

Nisifiche upande wa pili. Kuna mahali ambapo kuungama hadharani kuligeuka kuwa mashindano, nani ana ushuhuda mzito zaidi, na yaliyosemwa kanisani yakawa habari za kisimani. Ndiyo maana nasema mtu mmoja, kibarazani kwake, si mkutano.

Hatua ya 2: Andika wiki moja kama ilivyo

Nunua kaunta buku. Kwa wiki moja andika kila saa umefanya nini. Usiandike ulivyokusudia, andika ulivyofanya. Hii hapa Jumanne yangu moja, nimeinakili bila kuipamba:

Saa 11 na nusu asubuhi, maombi, dakika 10, nusu yake usingizi. Saa 2, msibani. Saa 5 hadi 8, tunasubiri mwili kutoka hospitali. Saa 10, mgogoro wa mpaka wa shamba, ndugu wawili, sale, ule mmea wa mpaka, limeng'olewa. Saa 1 usiku, kikao cha harusi. Saa 4, kujibu WhatsApp ya kamati ya ujenzi. Saa 5 na nusu, kulala.

Wiki ikiisha chukua kalamu mbili. Kwa nyekundu zungushia kazi ambazo ni zako kwa sababu ya kuitwa kwako: neno, maombi, wagonjwa, waliofiwa, waliopotea njia. Kwa bluu zungushia zile ambazo mtu yeyote mwaminifu angezifanya. Mimi nilikuta saa 11 za bluu kwenye vikao vya harusi na michango peke yake. Maandalizi ya mahubiri yalikuwa saa 1 na dakika 40, Jumamosi usiku, huku nikisinzia. Nilijua niko hivyo, lakini sikuwahi kuiona kwa wino.

Usijaribu kufuta bluu yote. Mtumishi asiyeonekana kwenye kikao cha harusi siku yake ya msiba atazika na wanne. Weka kwanza kwenye wiki saa tatu ambazo hazihamishwi na mtu: moja ya kusoma, moja ya wagonjwa, moja ya nyumbani kwako simu ikiwa kabatini. Hizo nyingine zijipange kuzizunguka.

Hatua ya 3: Ondoa mkono wako kwenye fedha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapoangukia, na mara nyingi wala si kwa wizi.

Paulo alipopeleka mchango wa makanisa Yerusalemu hakukubali kuubeba peke yake. Soma 2 Wakorintho 8: alitaka ndugu waliochaguliwa na makanisa wafuatane naye, na sababu anaitaja mwenyewe, kwamba anaangalia yaliyo mema si mbele za Bwana tu bali na mbele za wanadamu. Basi kama Paulo alitaka mashahidi, sisi ni nani tuseme "wananiamini"?

Sadaka ihesabiwe siku ileile, kabla wahesabuji hawajala chakula cha mchana. Wawe watatu, wasiwe wa nyumba moja, na mtumishi asiwe mmoja wao. Waandike noti kwa noti: za elfu kumi ngapi, za elfu tano ngapi, za elfu mbili, za elfu moja, kisha sarafu. Jumla peke yake haitoshi, kwa sababu jumla ni rahisi kuibadilisha, ila orodha ya noti ikichezewa inaonekana. Wote watatu watie saini. Fedha iende benki Jumatatu, na kiasi kisomwe kwenye matangazo Jumapili inayofuata.

Mnada una tundu lake. Wanaosali kwetu wanajua: baada ya ibada, nje chini ya mti, tunanadi mayai, ndizi, maziwa, kuku aliyefungwa miguu. Watu wanachangamka, kuku anafika 40,000, kila mtu anapiga makofi, na mnunuzi anasema, "Mwinjilisti, nitaleta wiki ijayo." Wiki ijayo mnayemkumbuka ni kuku, sio deni. Mpe mtu mmoja daftari la mnada lenye safu nne: kitu, mnunuzi, bei, amelipa au anadaiwa. Na asiwe yule anayenadi, kwa sababu mnadi mzuri hana muda wa kuandika.

Kisha simu. Namba ya kupokelea sadaka isiwe namba yako. Kanisa lipate lipa namba kwa jina la kanisa, na taarifa za miamala zisomwe na watu wawili kila mwisho wa wiki. Mimi nililichelewesha hili miaka miwili kwa sababu namba yangu "watu wameizoea". Usiku mmoja umeme ukakatika nyumbani, mtoto alikuwa na mtihani kesho yake, na kwenye simu kulikuwa na shilingi 10,000 za mtu aliyetuma ahadi ya ujenzi. Nikanunua luku. Nilirudisha, baada ya siku 9. Alhamisi ile nilipomwambia mkaguzi, sikuona kama ni jambo kubwa, nililitaja kama la kuchekesha. Hakucheka. Akaniuliza, "Siku ya tano ungekufa, nani angejua kwamba ile elfu kumi si yako?" Jumatatu yake tukaenda na mhazini kufungua namba ya kanisa.

Mengine kwa haraka. Watia saini benki wawe watatu, na kila malipo yahitaji wawili. Usitie saini hundi tupu hata kama mwenzako anasafiri asubuhi. Bodaboda hatoi risiti, hilo linajulikana, basi tembea na kitabu cha vocha: tarehe, kutoka wapi hadi wapi, kiasi, namba ya pikipiki, saini yake. Wengi wao hufurahia kutia saini. Na mtu akikupenyezea bahasha mkononi akisema "hii ni ya kazi ya Bwana", muulize palepale, "Ni yangu au ni ya kanisa?" Ni swali la aibu la sekunde mbili. Usipoliuliza utabaki kujijibu mwenyewe ukiwa chumbani, na wote tunajua jibu litaegemea wapi.

Hatua ya 4: Soma kitu ambacho hutakihubiri

Mhubiri anayesoma Biblia akitafuta mahubiri tu ni kama mpishi anayeonja tu, halafu hali. Chukua kitabu kimoja cha Biblia kwa miezi mitatu, dakika 40 asubuhi, na ujiwekee sharti kwamba hutakihubiri mwaka huu. Soma Biblia ya Union, tuliyoizoea tangu mwaka 1952, kisha soma sura ileile kwenye tafsiri ya Habari Njema, na kama lugha ya mama yako ina Biblia, isome nayo. Utashangaa ni maneno mangapi ya Union umekuwa ukiyatamka kwa kishindo bila kuyajua maana.

Ukiweza, jiunge na masomo ya theolojia kwa enezi yanayoendeshwa na kanisa lako. Huachi kazi, na unakaa tena upande wa wanafunzi, mahali ambapo mtumishi husahau kukaa.

Kuhusu mahubiri yenyewe, kuna dawa moja chungu: jirekodi kwa simu, halafu usikilize Jumanne ukiwa shambani. Mimi nilihesabu "mwambie jirani yako" mara 14 katika dakika 35. Majirani walikuwa wameshaambiana yote. Niliposikiliza vizuri nikagundua nilikuwa nalisema kila nilipokosa la kusema.

Hatua ya 5: Mpe kazi anayelalamika

Sura ya 18 ya kitabu cha Kutoka tumeihubiri sana: Yethro anamwambia Musa atajichosha bure, agawe kazi kwa wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Tunachoruka ni kwamba Yethro hakuanza na ushauri. Alikaa kwanza akatazama kazi siku nzima, asubuhi hata jioni, ndipo akasema. Na Musa, mtu aliyesema na Mungu, akamsikiliza mkwewe.

Lakini somo ninalolipenda zaidi liko Matendo 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahauliwa kwenye mgao wa kila siku, manung'uniko yanapanda. Sasa soma majina ya wale saba waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Inaonekana kazi ilipelekwa kulekule malalamiko yalikotoka, pamoja na kapu lenyewe.

Kwetu kulikuwa na mama mmoja aliyesimama kila mkutano mkuu kusema wagonjwa hawatembelewi. Kila mwaka nilimjibu kwa takwimu. Mwaka mmoja nikampa daftari la wagonjwa na nauli. Kwa muda mfupi alikuwa anajua nani ana sukari, nani amekatwa mguu, nani amelazwa KCMC na hana wa kumpelekea uji. Mimi nilikuwa namwona mlalamishi, kumbe alikuwa anaona kitu nisichokiona.

Unapompa mtu kazi, mpe na vitu vitatu: mpaka wake, yaani mambo anayoweza kuamua bila kukuuliza, fedha yake, kiasi gani na kwa vocha gani, na tarehe ya kukuletea taarifa. Bila hivyo umemtuma tu. Halafu, na hapa ndipo pagumu, akiharibu usimnyang'anye. Kijana wangu wa kwanza kuongoza ibada alisahau matangazo, akaanza wimbo juu mno mpaka akina mama wakanyamaza kwenye ubeti wa pili, na akabariki watu kabla ya sadaka. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, nimekalia mikono yangu. Baada ya ibada nilimwuliza kitu kimoja tu: "Wewe mwenyewe umeona nini?" Aliyataja yote matatu, na la nne ambalo mimi sikuliona.

Hatua ya 6: Mlango uwe wazi

Ushauri wa ndoa, wa vijana, wa mtu aliyejaa machozi: fanya mchana, mahali ambapo mtu anaweza kukuona bila kukusikia. Ofisi yetu tumeitoa pazia. Mwanamke mwenye shida nzito anakaribishwa pia na mama mzee wa kanisa, na ushauri unakuwa bora, kwa sababu yapo mambo ambayo mimi sikuumbwa kuyaelewa. Kazi za watoto, ziwe shule ya Jumapili au safari, ziwe na watu wazima wawili muda wote.

Kisha ujue mwisho wa uwezo wako. Mwanamke aliyepigwa usimrudishe nyumbani na neno "vumilia, tunaomba". Aliyebakwa apelekwe hospitali upesi iwezekanavyo: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa unayoitumia kuitisha kikao cha familia inatoka humo. Kila wilaya ina polisi, na vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Namba ya simu ya kumsaidia mtoto ni 116, haina malipo. Usikubali kamwe kuketi kama msuluhishi kati ya familia ya mtoto na aliyemharibu, hata wakija na mbuzi, hata wakiwa wazee wa kanisa, hata ikiwa ni kwa ajili ya "jina la Bwana lisitukanwe". Jina la Bwana lilishatukanwa siku ile mtoto alipoumizwa.

Hatua ya 7: Lala

Eliya alipochoka hadi kuomba afe, malaika hakumletea semina. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena. Jumatatu ni yako. Tangaza kanisani, ili anayekupigia Jumatatu ajue ni kwa msiba tu.

Hatua ya 8: Kila mwaka, wakuandikie

Samweli alipozeeka alisimama mbele ya Israeli yote akauliza amechukua ng'ombe wa nani, punda wa nani, amemdhulumu nani. Mtumishi anaomba ukaguzi mwenyewe, hadharani, huku fimbo ikiwa bado mkononi. Ni 1 Samweli 12, na sijawahi kuisikia ikisomwa kwenye sherehe ya kumstaafisha mtu.

Sisi tunafanya mwezi wa 11, kabla ya pilikapilika za Krismasi. Wazee wote wanapewa karatasi yenye maswali matatu: Mwinjilisti aendelee na nini? Aache nini? Amekuumiza wapi? Hakuna jina. Lakini mtaa ni mdogo na miandiko tunaijua, kwa hiyo karatasi zinakwenda kwa mtu wa nje anayezinakili upya kwa mkono wake. Zile za asili zinachomwa. Kisha anakusomea, nawe unasikiliza tu. Sheria ni kwamba husemi neno mpaka karatasi ya mwisho, na unapewa wiki mbili kabla ya kurudi kwa wazee kueleza utabadilisha nini.

Mara ya kwanza karatasi zilikuwa 9. Nilimwomba mkaguzi wangu anisomee. Tulikaa kibarazani palepale, akavaa miwani. Ya kwanza ilisifia mahubiri. Ya pili ilisema nachelewa vikao. Ya tatu ilisema nasafiri bila kuaga. Alipofika ya nne akasoma, "Mwinjilisti ana tabia ya..."

"Hapo naomba nieleze kidogo," nikasema, "kwa sababu unajua mwaka huu ujenzi..."

Akaishusha karatasi magotini. Akanitazama juu ya miwani, kwa muda.

"Mwinjilisti," akasema, "ngoja nimalize debe hili."